Mgeni na Jembe: Uhakiki wa Dai la Majibizano katika Kazi za HyperCard

0. Utangulizi

Tangu kompyuta zilipoanza kuingia majumbani katika miaka ya 1980, neno moja limerudiwa sana na wauzaji wa programu, na baada yao na walimu na wahakiki: majibizano. Kazi iliyotungwa kwa kompyuta, tuliambiwa, haisomwi tu kama kitabu wala haitazamwi tu kama sinema. Inajibizana na anayeitumia. Mtu anabonyeza, nayo inajibu. Anachagua njia, nayo inamfungulia. Kutokana na dai hilo zilizaliwa programu za utunzi wa medianuwai, yaani programu zinazomwezesha mtu asiye mtaalamu wa kompyuta kuunganisha maandishi, picha na sauti katika kazi moja ambayo msomaji wake huipitia kwa kuchagua.

Makala haya yanakusudia kulihakiki dai hilo kwa kuchunguza programu moja, HyperCard, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwezi wa Agosti 1987, pamoja na baadhi ya kazi zilizotungwa kwayo. Huenda msomaji wa jarida la taaluma za Kiswahili akauliza: chombo kilichoondolewa sokoni tangu 2004, tena kilichozaliwa kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, kinatuhusu nini? Kinatuhusu kwa sababu anayejifunza fasihi simulizi hawezi kulipita neno majibizano bila kuuliza ni nani anayejibizana na nani, na kwa mamlaka gani. Hoja yetu ni hii: kitufe ndicho kilichosifiwa, lakini thamani ya HyperCard ilikuwa katika ruhusa ya kukifungua kitufe hicho, kusoma kilichoandikwa ndani yake, na kukiandika upya. Ruhusa hiyo ilipoondolewa, kitufe kilibaki na majibizano yakaondoka.

Tutaanza kwa kukieleza chombo chenyewe, kisha tutazihakiki kazi tatu. Baadaye tutalinganisha majibizano yake na yale ya utambaji wa hadithi, na mwisho tutazungumzia lugha ya amri na hatima ya chombo hiki.

1. Chombo chenyewe

HyperCard ilibuniwa na Bill Atkinson (1951–2025), yuleyule aliyekuwa ametunga MacPaint, programu ya kuchora iliyofuatana na Macintosh ya kwanza mwaka 1984. Lugha yake ya amri, iitwayo HyperTalk, ilitungwa na Dan Winkler. Atkinson aliikabidhi Apple programu yake kwa sharti kwamba igawiwe bure pamoja na kila Macintosh mpya. Sharti hilo lina uzito kwa uhakiki wetu, nasi tutalirudia.

Kitu cha msingi katika HyperCard ni kadi. Kadi moja hujaza skrini nzima: nukta 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu, sawa na kioo cha inchi 9 cha Macintosh za mwanzo. Kadi nyingi zikikusanywa hufanya bunda. Kila kadi ina tabaka mbili: usuli, unaoshirikiwa na kadi nyingi za bunda, na tabaka ya kadi yenyewe, ambayo ni yake peke yake. Juu ya tabaka hizo mtunzi huweka visanduku vya maandishi na vitufe. Kitufe chaweza kuonekana wazi. Chaweza pia kufichwa, kikalazwa juu ya picha ya mlango au ya mti, hata anayebonyeza akadhani kwamba ni mlango wenyewe uliofunguka.

Ndani ya kitufe mna hati, yaani maandishi ya amri. Hati fupi na ya kawaida kuliko zote ina mistari mitatu:

on mouseUp
go to next card
end mouseUp

Mstari wa kwanza unataja tukio: kidole kimeachia kipanya. Wa pili unaamuru: nenda kwenye kadi ifuatayo. Wa tatu unafunga maneno. Mtunzi akitaka, anaongeza mstari unaoifanya picha iyeyuke taratibu wakati wa kuhama, au unaopiga sauti. Kitufe kisipokuwa na jibu la tukio hilo, habari hupanda hadi kwenye kadi. Kadi isipojibu, hupanda kwenye usuli, kisha kwenye bunda, kisha kwenye bunda la nyumbani, na mwisho kwa HyperCard yenyewe, kama shauri lisiloamuliwa nyumbani linavyopelekwa kwa wazee wa ukoo, kisha kwa chifu.

Wapo watakaosema kwamba tumechagua mfano maskini. Ni kweli kwamba kwa upande wa rangi na sauti Macintosh ya wakati ule ilishindwa kabisa na Amiga ya Commodore, ambayo tangu 1985 iliweza kuonyesha rangi 4096 na kupiga sauti kwa njia nne kwa wakati mmoja. Juu ya Amiga zilitungwa programu nzuri za maonyesho: Scala, iliyotoka Norwe na kutumika sana katika vituo vya televisheni, na AmigaVision ya 1990, ambamo mtunzi alipanga alama za picha moja baada ya nyingine ili kuchora mwendo wa kazi yake. Lakini ndani ya programu hizo karakana na ukumbi ni vyumba viwili tofauti. Mtunzi hufanya kazi karakanani, kisha huwakaribisha watazamaji ukumbini, na mlango wa katikati hufungwa. HyperCard haikuwa na mlango huo. Karakana na ukumbi vilikuwa chumba kimoja, na ndiyo sababu ya kuichagua.

2. Kazi tatu

2.1. Mwaka uleule wa 1987 Amanda Goodenough alitunga Inigo Gets Out, kisa cha paka aitwaye Inigo anayetoka nyumbani na kwenda kutalii nje. Picha ni za mistari michache na maneno ni haba, hata mtoto asiyejua kusoma aweza kuifuata. Ubora wa kazi hii ni kwamba haina vitufe vinavyoonekana. Mtoto hubonyeza kitu anachokitazama, na hadithi huendelea kutokana na kile kilichovuta jicho lake. Hapo twaona kwamba kitufe kilichofichwa si hila ya kupamba tu: kinaondoa mambo yote yaliyosimama kati ya msomaji na kisa, ikiwa ni pamoja na kufungua ukurasa, kusoma maelekezo na kumwita mkubwa asaidie. Udhaifu wake ni kwamba chaguzi ni chache na hazibadilishi mengi. Mtoto hafuati nia yake mwenyewe. Anafuata ya paka. Lakini paka hao wamejulikana tangu zamani kuwa hawaongozwi, kwa hiyo udhaifu huo unaifaa hadithi.

2.2. The Manhole, ya ndugu wawili Rand na Robyn Miller, ilitoka mwaka 1988, na mwaka uliofuata ikatolewa tena katika CD-ROM, miongoni mwa kazi za kwanza za burudani kutumia sahani hizo. Wazo la mwanzo lilikuwa kitabu cha picha kwa watoto. Robyn alichora ukurasa wa kwanza: bomba la maji la zimamoto na kifuniko cha shimo la barabarani. Kifuniko kinasogea, na shinani unachipuka mmea unaopanda hadi mbinguni. Kitabu kingehitaji sasa ukurasa wa pili. Mchoraji hakuuchora. Alitaka kujua kuna nini juu ya mmea, na kuna nini chini ya shimo, basi akachora huku na huku, na kitabu kikaacha kuwa kitabu.

Kazi hii haina ushindi, haina kushindwa, haina mwisho. Msomaji hupanda, hushuka, huingia nyumbani mwa sungura, hukutana na wanyama wasemao, njia huzunguka na kumrudisha alikotoka. Wengine wameiona kuwa kasoro. Sisi tunaiona kuwa uaminifu. Watunzi hawakujifanya kumpa msomaji uwezo wa kuamua mwisho wa kisa, kwani hakuna kisa cha kuamuliwa. Walimpa mahali pa kutembea. Hata hivyo lazima tuseme wazi kwamba kutembea si kujibizana. Mahali palepale pakibonyezwa kwa namna ileile, jibu litakuwa lilelile leo na kesho, akibonyeza mtoto au profesa.

2.3. Kazi ya tatu ni ya uhakiki wenyewe. Mwaka 1989 kampuni ya Voyager ilitoa bunda la Robert Winter, mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, kuhusu Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Bunda hilo huiamuru sahani ya muziki ipige kuanzia mahali maalumu. Muziki unapopigwa, maelezo ya Winter hubadilika kwenye kadi pamoja nao. Msomaji asiyelijua neno la kitaalamu hulibonyeza, akapata maana yake na mfano wake wa kusikia.

Kwa mhakiki, jambo hili ni kubwa. Katika makala za kawaida za uhakiki wa muziki, msomaji asiyejua kusoma nota hana budi kumwamini mwandishi. Mwandishi akisema kwamba sauti fulani inarudi baada ya kupotea kwa muda mrefu, msomaji huitikia kwa kichwa. Hapa anabonyeza, anasikia, na akiona kwamba mwandishi ametia chumvi, anajua. Dai limewekwa kando ya ushahidi wake. Tunaifikiria fasihi simulizi yetu, ambayo kwa miongo mingi imefika mikononi mwa wanafunzi ikiwa maandishi makavu, sauti ya mtambaji imekatwa, makofi ya hadhira yamefutwa, nyimbo zimeachwa au zimeandikwa kwa maneno tu. Umbo alilolitumia Winter kwa Beethoven lingewafaa watambaji hao kuliko kitabu chochote. Hati kando ya sauti. Maelezo yanayofuata pumzi ya msimulizi. Na mwanafunzi anayeweza kumkosoa mtafiti kwa kusikiliza tena.

3. Majibizano ya ukumbini na majibizano ya kitufe

Turudi sasa kwenye dai la majibizano, na tulipime kwa kipimo tunachokifahamu vizuri zaidi. Pwani ya Waswahili, fanani husema Paukwa, na hadhira huitika Pakawa. Huo si urembo wa kuanzia tu. Ni mapatano: bila kuitikiwa, hadithi haiendelei. Baada ya hapo hadhira huimba kiitikio, huuliza, hushangaa, husahihisha jina lililokosewa, nao msimulizi hurefusha panapochekesha na hukata akiona watoto wanasinzia. Hadithi ya jana na ya leo si ile ile, ingawa jina ni moja.

Tukikipima kitufe kwa kipimo hiki, tunaona kwamba kimechukua sura ya kuitikia bila kuchukua uzito wake. Msomaji wa The Manhole akikataa kubonyeza, kazi inasimama. Hadi hapo inafanana na Paukwa isiyoitikiwa. Lakini akibonyeza, hakuna anayemsikia. Jibu liliandikwa kabla hajafika. Anachochagua ni mpangilio wa mambo yaliyokwisha kutungwa, na hata mpangilio huo una mipaka iliyowekwa na mwingine. Ted Nelson, aliyelitunga neno hipateksti mwaka 1965 kwa maana ya maandishi yanayotawanyika katika matawi na kumwachia msomaji achague, alilenga uhuru mkubwa kuliko huu. Uhuru wa kuchagua kati ya milango mitatu ni uhuru, lakini mwenye nyumba ni mwingine.

Hata hivyo kuna jambo la tatu katika utambaji ambalo wahakiki wa medianuwai hulisahau, nalo ndilo kiini cha makala haya. Msikilizaji wa leo ndiye msimulizi wa kesho. Mtoto aliyeitikia Pakawa jana atawakusanya wadogo zake na kuwasimulia hadithi ileile, akiwa amebadilisha fisi kuwa simba au ameongeza wimbo alioujua. Hakuomba kibali cha mtu. Hadithi haina mwenyewe kwa maana ya sheria za hakimiliki; ina wapokezanaji. Majibizano makubwa ya fasihi simulizi si yale ya usiku mmoja, ni yale ya kizazi na kizazi. Swali la haki la kuiuliza programu yoyote ya utunzi ni hili: je, inamruhusu msikilizaji kuwa msimulizi?

4. Ngazi tano

HyperCard ilikuwa na jibu, na jibu hilo liliwekwa mahali ambapo kila mtu angeweza kuliona: katika kadi moja ya bunda la nyumbani. Hapo mtumiaji alijichagulia ngazi yake kati ya tano. Ngazi ya kwanza ni kupitia tu: anasoma na kubonyeza. Ya pili ni kuandika: anaweza kujaza na kubadilisha maneno katika visanduku. Ya tatu ni kuchora: anapewa kalamu na brashi. Ya nne ni kutunga: anaweza kuunda vitufe na visanduku na kuvihamisha. Ya tano ni kuandika hati: kila kitufe kinamfungukia, na maneno yaliyomo anaweza kuyasoma, kuyanakili na kuyabadilisha.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huichukua methali hii kuwa ya uchoyo, ya mwenye nyumba aliyechoka kulisha. Ina maana nyingine iliyo bora zaidi. Jembe ni heshima. Anayepewa jembe amekoma kuwa mgeni. Ana shamba, ana mavuno, ana neno katika baraza. Ngazi tano za HyperCard zilikuwa njia ya kutoka kwenye mkeka wa mgeni hadi shambani. Mtu aliyependezwa na jinsi mlango ulivyofunguka hakuhitaji kununua programu nyingine wala kwenda chuoni. Alipanda ngazi, akakifungua kitufe, akaona mistari mitatu, akainakili katika bunda lake. Hata vitufe vilivyofichwa vilimwonyesha mipaka yao aliposhika kwa pamoja vibonye viwili vya kibodi. Ndivyo maelfu ya walimu walivyojifunza kutunga masomo, bila kuitwa watunzi wa programu.

Tusiifanye peponi. Mtunzi aliweza kulifunga bunda lake kwa neno la siri, au kuandika katika hati yake amri ya kumteremsha msomaji hadi ngazi ya kwanza. Tena mlango wazi uliingiza mengi: mabunda ya anwani, mabunda ya mapishi, mabunda yaliyojaa vitufe na sauti za kugutusha bila sababu. Mengi ya yaliyotungwa yalikuwa mabaya. Lakini hoja hii haina nguvu kwa mhakiki wa fasihi simulizi. Hadithi nyingi zinazosimuliwa na watoto nazo ni mbaya, na bila hizo asingepatikana mtambaji hata mmoja.

Mfano wa ndugu Miller unaonyesha pande zote mbili. Hawakuanza wakiwa kampuni kubwa. Walianza kwa chombo ambacho kila mwenye Macintosh alikuwa nacho. Mwaka 1993 walitoa Myst, kazi yenye picha zipatazo 2500, ambayo katika Macintosh ilijengwa kwa mabunda ya HyperCard, rangi zikiongezwa kwa amri za nje kwa kuwa programu yenyewe haikuwa nazo. Myst ilinunuliwa na watu zaidi ya milioni 6. Ni kazi nzuri, lakini ni ukumbi mtupu, karakana imefungwa. Mtoto aliyeipenda hakuweza kuifungua na kuona jinsi ilivyotengenezwa, kama watunzi wake walivyoweza kufungua mabunda ya wenzao. Chombo kilichowalea hawakukirithisha. Hatuwalaumu, mfanyabiashara hulinda ghala lake. Tunasema tu kwamba jembe lilikomea kwao.

5. Lugha ya amri

Wanaisimu watauliza: jembe hilo lilikuwa na mpini wa lugha gani? HyperTalk ilisifiwa kuwa karibu sana na Kiingereza cha kila siku, na kwa kweli hati zake husomeka kwa urahisi na anayejua Kiingereza. Kuandika ni jambo jingine. Lugha inayofanana na mazungumzo humdanganya mwanafunzi adhani kwamba inaelewa kila sentensi, kumbe inaelewa chache zilizopangwa. Anayetumia lugha ya pili hudanganywa mara mbili, maana hajui kama amekosea sheria za Kiingereza au za mashine.

Lililo la kuvutia zaidi ni kwamba HyperTalk ina viwakilishi. Amri ya kuuliza, ask, inapopata jibu la msomaji, huliweka katika neno it, na hati huendelea kulitumia neno hilo kama mzungumzaji anavyotumia kiwakilishi. Vilevile neno me hukitaja kitu chenye hati: kitufe kikisema hide me, kinajificha. Jambo hilo la pili Kiswahili kingelisema kwa neno moja, nifiche, na lingekuwa na ladha, kana kwamba kitufe chenyewe kimefungua kinywa.

Jambo la kwanza ni gumu zaidi, na lina faida. Kiingereza kina it moja kwa vitu vyote. Kwa hiyo katika hati ndefu neno hilo hubeba jibu la amri moja, kisha linafutwa na jibu la amri nyingine, na mtunzi asipoangalia anajikuta akitumia kitu asichokikusudia. Kosa hilo liliwasumbua wanaoanza. Kiswahili kina ngeli. Kitufe tungesema kiweke, kadi, iweke, jina, liweke, ujumbe, uweke. Upatanisho wa kisarufi ungeiambia mashine ni kitu gani kinachotajwa, jambo ambalo it haiwezi. Ni kweli kwamba vitu viwili vya ngeli moja vingeendelea kuchanganywa, na kwamba kuifundisha mashine ngeli ni kazi. Lakini inafaa tujue kwamba ugumu ambao husemwa kuwa unakizuia Kiswahili kuwa lugha ya amri, mahali hapa ungekuwa msaada.

Wabunifu wenyewe hawakudhani kwamba Kiingereza ni lazima. HyperTalk ilikuwa na sifa maalumu ya kubadilisha lugha ambayo hati ilionyeshwa kwayo, pale faili la tafsiri lilipokuwapo. Na AppleScript, ndugu yake mdogo wa 1993, iliwahi kuwa na lahaja ya Kifaransa na ya Kijapani kabla hazijaachwa. Njia ilikuwapo, na iliyokosekana ilikuwa nia. Sisi tunaosoma na kufundisha kwa Kifaransa huku tukizungumza Kiswahili twajua tofauti kati ya lugha ya maandishi yanayoonekana kwenye kadi, ambayo ingeweza kuwa lugha yoyote iandikwayo kwa herufi za Kilatini, na lugha ya amri iliyofichwa ndani ya kitufe. Kutunga bunda la hadithi za Kiswahili lilikuwa jambo rahisi tangu 1987. Kuliamuru kwa Kiswahili halijawezekana.

6. Kuondolewa kwa jembe

Toleo la pili la HyperCard lilitoka mwaka 1990, likiwa bora kwa mambo mengi. Lakini wakati huo huo sharti la Atkinson lililegezwa. Programu ilihamishiwa kwa Claris, kampuni tanzu ya Apple. Nakala kamili ikawa ya kuuzwa, na wanunuzi wa Macintosh mpya wakapewa nakala iliyopunguzwa uwezo, baadaye ile ya kusomea tu. Kwa lugha ya methali yetu, mgeni alikaribishwa abaki mkekani siku zote. Mabadiliko ya mwisho yalifanywa mwaka 1998, na mwezi wa Machi 2004 programu ikaondolewa sokoni. Kompyuta zilizofuata hazikuweza kuyafungua mabunda yale, na kazi nyingi za walimu zilifia ndani ya disketi. Tangu Agosti 2017 maktaba ya kidijiti ya Internet Archive imeweka mabunda mengi mahali ambapo yaweza kufunguliwa kwa mashine ya kuigiza, na msomaji wetu anaweza kuzipima hoja zetu kwa kubonyeza mwenyewe.

Atkinson alikiri baadaye kwamba alikosa jambo moja: aliunganisha kadi ndani ya sanduku moja, hakuwaza kuunganisha masanduku kwa mtandao. Wavuti ilipoenea katika miaka ya 1990, kiungo cha kubonyeza kikaenea duniani kote, lakini ngazi ya pili hadi ya tano hazikufuatana nacho. Karibu kila mtu akawa msomaji wa ngazi ya kwanza.

Kuna pokeo moja lililosalia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Ward Cunningham alitunga bunda la HyperCard la kuhifadhi mawazo ya wenzake. Mtu aliyebonyeza kiungo cha kadi isiyokuwapo, akashikilia kipanya, alitengenezewa kadi hiyo papo hapo ili aijaze. Kutokana na bunda hilo Cunningham alipata wazo la wiki, aliyoifungua mwezi wa Machi 1995. Na juu ya umbo la wiki ilijengwa Wikipedia mwaka 2001, na Wikipedia ya Kiswahili mwaka 2003. Hapo, juu ya kila makala, pana neno dogo: Hariri. Anayelibonyeza anakuta maandishi yamefunguka, na yeye ameacha kuwa mgeni. Ni ngazi ya pili ya HyperCard iliyokuja kwetu kwa njia ndefu, safari hii ikizungumza Kiswahili.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba neno majibizano, lilivyotumiwa kuzisifu kazi za medianuwai, linachanganya mambo matatu: kuchagua njia, kusikilizwa, na kupokezana. Kitufe hutoa la kwanza. La pili kazi tulizozihakiki hazikulitoa, na hazikupaswa kulidai. La tatu lilitolewa na HyperCard katika miaka yake michache ya ukarimu, tena kwa kompyuta yenye kioo cha inchi 9 kisicho na rangi.

Funzo kwa idara zetu si kwamba turudie mashine za kale. Kila mwaka tunatunga au tunapokea masomo ya kutazamwa kwenye kompyuta na kwenye simu: hadithi zilizorekodiwa, kamusi, mazoezi ya sarufi. Tunayasifu kwa picha na sauti zake, na tunahesabu vitufe vyake. Swali la kwanza la mhakiki liwe jingine: mwanafunzi aliyelipenda somo hili, je, anaweza kulifungua, kuongeza hadithi ya bibi yake, kusahihisha neno ambalo mtafiti hakulisikia vizuri, na kumpa mwenzake? Kama hawezi, tumemtandikia mkeka mzuri. Siku ya tatu imefika, na jembe bado liko ndani.